Kijiji Nilichokichora Kisiwani Nyasoko

Niliambiwa nichore kijiji mahali pasipokuwa na kijiji, nami nikauliza kiwe na ukubwa gani. Kati ya maswali yote niliyoweza kuuliza siku ile, nilichagua hilo.

Tulikuwa Soko la Burma, saa za chakula cha mchana, mimi na Bwana Kimotho, mwenye kampuni ndogo ya ramani niliyoifanyia kazi tangu ujana hadi juzi. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, Industrial Area. Kimotho alikuwa na tabia moja: jambo la kawaida alilisema ofisini, jambo la aibu alilisema Burma, mbele ya ubao wa nyama choma. Mbavu zilipoletwa bila mimi kuagiza, nilijua kuna aibu inakuja.

"Wale jirani zetu wanatunakili," alisema. Alimaanisha kampuni nyingine ya ramani, mtaa wa pili kutoka kwetu. "Tukichora barabara leo, mwezi ujao wanayo. Tukikosea herufi, wanakosea hiyo hiyo. Nataka mtego."

Kwa msiojua, mtego ni desturi ya zamani ya kazi hii. Unaweka kwenye ramani kitu kimoja cha uongo, kidogo, mahali ambapo hakitamdhuru mtu. Mwizi akinakili ramani, ananakili na uongo wako, nawe unamwambia hakimu: huyu hakupima nchi, alipima meza yangu.

"Si umwambie Mzee Okelo?" nilisema. Mzee Okelo alikuwa mchoraji wetu mkuu, na ndiye aliyenifundisha kazi.

"Nilimwambia. Amekataa. Anasema hachori mahali ambapo hakuna mguu wa mtu."

"Basi nipe mimi. Mguu wangu haujafika popote. Ni Buruburu kuja hapa, hapa kurudi Buruburu."

Kimotho alicheka mpaka kachumbari ikampalia. Nilifurahi kumchekesha mkubwa. Nawaambia hili kwa sababu watu hudhani makosa makubwa huanza na vitisho. Langu lilianza na mzaha wangu mwenyewe, tena mzuri.

"Sasa kiweke mbali," alisema akifuta macho. "Mahali ambapo hakuna mtu atakwenda."

Ndipo nikauliza ukubwa.

Sharon, anayekalia meza yangu sasa, aliniomba niandike kuhusu miaka yangu ya kazi ili vijana wanaoingia wajue tulikotoka. Alipendekeza nieleze nilivyopanda cheo. Hilo halina hadithi: walio mbele yangu walistaafu mmoja mmoja, nami nikabaki nimekaa. Nitaeleza mengine.

Niliingia pale na cheti cha Kidato cha Nne na alama nzuri ya jiografia, alama niliyodhani ilinipa haki ya kushika kalamu. Siku ya kwanza Mzee Okelo alinipa wembe.

"Hii ni ya nini, Mzee?"

"Ya kufuta. Kuchora utajifunza baadaye. Mtu anayejua kuchora na hajui kufuta ni hatari kwa nchi."

Siku hizo ramani ilichorwa kwa wino mweusi juu ya filamu, ile karatasi ngumu ya plastiki inayopitisha mwanga, ikiwa imelazwa kwenye meza ya kioo yenye taa chini. Wino ukikaa vibaya unaukwangua kwa ncha ya wembe, polepole, bila kutoboa filamu, kisha unapasugua kwa ukucha ili wino mpya ushike. Mwezi mzima sikuchora hata mstari. Nilikwangua. Nilikwangua mito ya watu wengine, reli za watu wengine, na mara moja, kwa bahati mbaya, nusu ya Thika.

Mwezi wa pili alinipa kalamu na kunifundisha kuchora ufuo. Unavuta pumzi, unaizuia, unachora hadi kifua kikatae, unainua kalamu, unapumua. Ukichora huku unapumua, mkono unatetemeka na nchi inaongezewa ghuba ambazo Mungu hakuziweka. Yeye mwenyewe alikuwa na pumu. Pumzi zake zilikuwa fupi, kwa hiyo ufuo wake ulikuwa wa vipande vifupi vifupi, na ndio uliokuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote ofisini.

"Omera, ndugu yangu, unakimbilia wapi?" alikuwa akiniuliza akiona nimechora kipande kirefu. "Ziwa halihami."

Mzee Okelo alizaliwa katika kisiwa kidogo cha Nyasoko, mbali kabisa ndani ya Ziwa Victoria, na kwa miaka mingi, wakati wa chai, alinisimulia kisiwa hicho hadi nikakijua kuliko nilivyojua Kiambu, ambako wazazi wangu walitoka. Kisiwa kina umbo la haragwe. Kusini kuna udongo mweusi, miti, na kijiji kimoja tu, Kogola. Katikati kuna mgongo wa mawe unaokikata kisiwa sehemu mbili, na kuuvuka kwa miguu kunachukua muda wa kuchemsha githeri, yaani asubuhi yote. Kaskazini ni mwamba mtupu uliofanywa mweupe na mavi ya mnandi, wale ndege weusi wanaopiga mbizi. Mawimbi hugonga huko mwaka mzima. Hakuna mtu aliyewahi kuishi upande huo, na ndege wenyewe, alisema Mzee, huishi kwa kulalamika.

Historia yake ilikuwa fupi. Ndugu wawili waligombana na baba yao huko bara kwa sababu ya mbuzi, wakavuka na mbuzi na wake zao, na wajukuu wao wakawa Kogola. Baadaye, enzi za ukoloni, ugonjwa wa malale ulipotisha ukanda ule, serikali iliwahamisha wote bara na kuandika kwamba kisiwa hakina watu. Ugonjwa ulipotulia, watu walirudi wachache wachache. Karatasi haikurudi nao. Nyanya yake Mzee alizaa watoto saba mahali ambapo, kiserikali, hapakuwa na mtu. "Ila mtoza kodi," Mzee alisema. "Huyo alituona vizuri sana."

Ndiyo sababu alisomea kazi hii. Nukta ya kwanza ya Kogola kwenye ramani yoyote iliyochapishwa aliiweka yeye, kwa mkono wake, na kampuni ikamruhusu kwa sababu haikujua.

Sasa mnajua kwa nini nilichagua Nyasoko. Kimotho alitaka mahali ambapo hakuna mtu atakwenda, na mimi nilijua pahali pamoja katika nchi nzima ambapo nilikuwa na hakika, kwa ushahidi wa mwenyeji, kwamba hapana chochote. Nilimwibia Mzee ukweli wake ili uongo wangu ukae vizuri.

Na ulikaa. Nilichora kijiji kwenye mwamba wa kaskazini. Nikaona kinapwaya, nikakiongezea ghuba tulivu. Ghuba ikaonekana pweke, nikaweka gati. Kwa jina, nilikiita Kwa Wanjiru, jina la mke wangu, ambaye wiki ile alikuwa amenuna kwa sababu nilisahau siku yetu ya ndoa. Nilipomwonyesha nakala nyumbani, Buruburu, alivaa miwani akaangalia kwa makini.

"Baba Muthoni, watu wengine wananunuliwa leso."

"Hiki ni kijiji kizima, mama."

"Kina maji?"

"Kimezungukwa na maji."

"Mimi naona kina shida," alisema, akarudi jikoni. Nilidhani bado amenuna.

Ramani ilipotoka, Mzee Okelo alikuwa anastaafu. Ofisi, kwa ukarimu wake, ilimpa zawadi ya karatasi hiyo hiyo, Nyasoko na maji yake, ndani ya fremu yenye kioo. Wazo lilikuwa la katibu wa Kimotho, mama mwema asiyejua lolote. Mimi nilishika upande mmoja wa fremu tukimkabidhi. Mzee aliinamia kioo mpaka pua ikakaribia kukigusa. Watu walidhani amezidiwa na furaha.

"Huyu Wanjiru," alisema taratibu, "alihamia lini?"

Walicheka wote, maana walijua jina la mke wangu. Mzee hakucheka. Baadaye alinivuta kando, kwenye ngazi.

"Ni wewe?"

"Ni mtego tu, Mzee. Kule hakuna mtu."

"Kule hakuna mtu. Lakini kuna watu upande wa pili, na tulichukua miaka yote hiyo kuonekana." Alivuta pumzi mara mbili. "Sikugombezi. Toleo la pili likija, kifute. Wembe unao."

Nilimwahidi. Nilimaanisha kabisa, kama ninavyomaanisha kila mwaka kukarabati bomba la bafu.

Kabla ya toleo la pili, mtego ulinasa. Jirani zetu walitoa ramani yao ya ziwa, na Kwa Wanjiru kilikuwamo, pamoja na gati, ila wao walikiongezea kanisa. Sijui kanisa walilitoa wapi. Nadhani waliona kijiji kizuri namna ile hakiwezi kukosa. Kimotho alipiga meza kwa furaha. Wakili akatuagiza tusiguse ile filamu mpaka kesi iishe, kwa sababu ni ushahidi. Kesi ilichukua miaka, tukashinda, tukaenda Burma. Kufikia hapo filamu zote zilikuwa zimepitishwa kwenye mashine na kuingizwa kwenye kompyuta, na kijiji kiliingia nazo, safi, bila alama hata moja ya wembe. Nilijiambia nitakifuta nikijifunza kompyuta. Nilijifunza kompyuta.

Kilichofuata ni cha kuchekesha, na mimi nilikicheka. Maafisa wa mipango walitaka kujenga zahanati moja kisiwani Nyasoko. Hawakwenda. Walifungua ramani mbili za kampuni mbili zilizopelekana mahakamani, wakaona zinakubaliana, na wakaridhika kuliko ambavyo wangeridhika na ramani moja ya kweli. Kogola kilikuwa nukta isiyo na gati. Kwa Wanjiru kilikuwa na ghuba tulivu, gati, na kanisa. Ungekuwa wewe, saruji ungeishusha wapi?

Mkandarasi alipofika na kukuta ndege, hakurudi kuuliza, kwa sababu hakuajiriwa kushangaa. Alisubiri siku chache ambazo ziwa lilitulia, akashusha mabati, akajenga pale pale mwambani, akapaka paa rangi ya samawati, akatundika kibao: Zahanati ya Kwa Wanjiru. Muuguzi aliletwa. Kwa mwezi wa kwanza, nilisikia, alihudumia mnandi mmoja aliyevunjika bawa.

Haya nilielezwa kwa simu na Mzee Okelo mwenyewe, aliyerudi kuishi Kogola baada ya kustaafu. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili kustaafu.

"Njuguna," alisema, "zahanati yangu imejengwa kwa mke wako."

Nilicheka. Yeye pia alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda. Pumu ilikuwa imezidi na umri.

"Sasa nisikilize vizuri," aliendelea. "Kamati inakaa mwezi ujao. Kuna vifaa vinaletwa, mashine ya oksijeni, na wanaongeza chumba. Tukiwaeleza mapema, vitaletwa Kogola. Shule wametupa chumba tayari. Lakini sisi tukisema watu wako kusini, wanatuonyesha ramani. Wanataka barua ya aliyeichora. Jina lako liko pale pembeni, chini."

"Niandike nini?"

"Andika kwamba kijiji hakipo. Mistari mitatu."

"Nitaandika, Mzee."

Na niliandika. Hili msinivunjie heshima kwa kudhani sikuandika. Niliandika barua ya ukurasa mmoja, nzuri sana, nikaichapa mara nne, nikaiweka kwenye bahasha na anwani nikaiandika kwa mkono, herufi wima za mchoraji. Kisha nikaiweka kwenye droo ya kulia ya meza yangu ili nimwonyeshe Kimotho kwanza. Kimotho alikuwa safarini. Aliporudi, nikaona si siku nzuri. Ukweli ni kwamba barua ile ilisema kampuni yetu iliuza uongo na kwamba aliyeuchora ni mimi, nami nilikuwa nimeanza kufikiria siku yangu ya kuagwa. Nilitaka kusifiwa kwa usahihi. Nilikuwa nimeshaisikia hotuba yote kichwani.

Siku moja Wanjiru aliniuliza tukiwa tunakula.

"Ile barua ya mzee wa kisiwani ulituma?"

"Iko ofisini."

"Ofisini ni wapi, posta?"

Nilimwambia anipitishie chumvi.

Kamati ilikaa. Mashine na chumba kipya vilikwenda Kwa Wanjiru. Mzee hakunipigia tena kulalamika. Alinitumia ujumbe mmoja mfupi: "Wamesema hawakupata barua. Labda posta." Sikujibu. Ningejibu nini? Kwamba posta haina hatia?

Miezi michache baadaye alinipigia mkewe, Mama Atieno. Pumu ilimbana Mzee mapema asubuhi. Upepo ulikuwa mkali na mashua haikuweza kuzunguka kwenda kaskazini, kwa hiyo wanaume sita walimbeba kwa kitanda kuvuka mgongo wa mawe. Alikata pumzi juu kileleni. Kutoka pale, alisema Mama Atieno, paa la samawati linaonekana vizuri kabisa.

Niliagwa kwa keki. Ilikuwa na ramani ya Kenya ya sukari, na Ziwa Victoria likaliwa kwanza. Kimotho alisema katika miaka yangu yote hajawahi kupokea malalamiko hata moja kuhusu kazi yangu. Sharon akainua simu yake na kunionyesha kitu, akicheka.

"Mzee, si hii ndiyo ile place ulichora ukiwa kijana? Iko hadi kwa simu. Cheki, mtu ameipea nyota nne. Ameandika, pametulia."

"Ninaiona," nilisema.

Nilikwenda Nyasoko baada ya kustaafu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga mahali nilipopachora kwa miaka yote. Wanjiru alikataa kuja. Alisema hana watu kule. Mashua ilinishusha Kogola, kwenye mchanga mweusi, mahali ambapo hakuna gati. Kila kitu kilikuwa kama alivyonisimulia: miti, mgongo wa mawe nyuma, nyumba zimekaribiana kama watu wanaosengenya. Ningeweza kutembea pale nikiwa nimefumba macho, ingawa sikuwahi kufika kabla ya siku hiyo.

Mama Atieno alinikaribisha kwa heshima kubwa kuliko nilivyostahili. Kaburi lilikuwa kando ya nyumba. Ndani, ukutani, ilining'inia ile fremu ya ofisi.

"Karibu uitazame," alisema. "Aliifungua kioo wiki ile aliyokupigia. Alikaa nayo siku mbili."

Nilisogea. Nilitazama kaskazini mwa kisiwa. Kijiji hakikuwepo. Gati halikuwepo. Ghuba yangu tulivu ilikuwa imekwanguliwa, na mahali pake alikuwa amechora ufuo wa kweli, vipande vifupi vifupi, kila kipande urefu wa pumzi moja ya mtu mgonjwa. Nilipitisha ukucha juu ya karatasi kutafuta alama ya wembe. Sikuipata. Hiyo ndiyo ramani pekee ya Nyasoko iliyo sahihi, na iko mahali ambapo afisa yeyote akitaka kuiona, itambidi aende.

"Alisema utakuja na barua," Mama Atieno alisema.

"Nimekuja nayo, Mama." Nilikuwa nayo mfukoni, kwenye bahasha yake ile ile. Nilimpa. Aliisoma yote, akaikunja.

"Ni fupi," alisema.

Nilipeleka nakala kwa maafisa kwa mkono wangu. Walinijibu kwa adabu kwamba, kwa mujibu wa ramani zilizopo, Kwa Wanjiru ni kijiji chenye gati, kanisa na zahanati, na kwamba madai ya mtu mmoja aliyestaafu hayawezi kukihamisha. Nimewaandikia tena. Nitaendelea kuwaandikia, muda ninao.

Sharon, na nyinyi wengine, mtaombwa mtego siku moja, labda mbele ya ubao wa mbavu. Mimi nilikubali ili mkubwa acheke. Mtu aliyenifundisha kazi alikufa akibebwa kuvuka mawe kwenda kwenye zahanati iliyopaswa kuwa hatua chache kutoka mlangoni kwake, na alikufa akidhani barua yangu ilipotea posta, au akijua haikupotea. Sitawahi kujua ni lipi.